Kura ni bure, kuilalamikia ni mamilioni

Ndugu wasomaji, leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwenye kampeni huwa halisemwi na mtu yeyote. Ukiona kura yako imechezewa, unakwenda wapi?

Usinijibu "mahakamani" haraka hivyo. Mahakamani ni neno tu. Mimi nauliza mahakama ipi, ndani ya siku ngapi, kwa shilingi ngapi, na ukiwa umeshika nini mkononi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kukuna vichwa.

Kwetu Ndama, wilayani Karagwe, mtu aliyepita chuo kikuu akirudi likizo hugeuzwa kila kitu. Utaulizwa dawa ya mnyauko wa migomba, bei ya kahawa, na kwa nini umeme unakatika. Ukiwa mwandishi wa habari ndiyo balaa zaidi, maana wazee wanaamini unajua hata yale ambayo gazeti halikuandika. Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mwanangu, hivi mimi niliyepiga kura, naweza kumpinga mahakamani aliyetangazwa?" Jibu la kweli ni refu, na kipande kikubwa cha jibu hilo hakipendezi. Lakini wazee wetu wana haki ya kulisikia lote.

Nianze na kinachopendeza. Katiba yetu, ibara ya 83, inasema suala la kama mbunge amechaguliwa kihalali au la litaamuliwa na Mahakama Kuu, na asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mlango upo. Kwa miaka mingi mlango huo ulisimamiwa na Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985. Sheria hiyo sasa imefutwa, na mahali pake imekuja Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, namba 1 ya mwaka 2024. Anayetaka kufungua kesi leo lazima aanze na hii mpya, asije akaenda na namba za vifungu vya zamani. Lakini hukumu zilizotufundisha namna kesi hizi zinavyokwenda zilitolewa chini ya ile ya 1985. Ndizo ninazozieleza hapa, kwa sababu ndizo zilizolijenga zoezi hili.

Sasa tuje kwenye masharti.

Sharti la kwanza ni nani anaruhusiwa kulalamika. Sheria ya 1985, kifungu cha 111, ilitaja makundi manne: aliyepiga kura au aliyekuwa na haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi huo, anayedai alikuwa na haki ya kuteuliwa au kuchaguliwa, aliyekuwa mgombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukisoma hivyo unafurahi. Mpiga kura ametajwa wa kwanza kabisa! Mkulima wa Ndama mwenye kadi yake ametajwa kabla ya Mwanasheria Mkuu mwenye ofisi na magari. Subirini, nitalirudia hili, maana lina mkia.

Sharti la pili ni muda. Siku thelathini tangu matokeo yatangazwe. Wengine watasema mwezi ni mwingi. Fanyeni hesabu na mimi. Uchaguzi wetu umezoeleka kufanyika mwishoni mwa Oktoba. Siku thelathini zinaishia mwishoni mwa Novemba, wakati mvua zinapiga, watu wako kwenye maharage, na usiku kila mwenye taa anawinda senene. Ndani ya mwezi huo unatakiwa umpate wakili, uwapate mashahidi walioona kwa macho yao, ukusanye fomu za matokeo za vituo, hati ya malalamiko iandikwe, na ifike Mahakama Kuu Bukoba. Kutoka kwetu hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita mia moja. Nakubali kwamba siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mtandao, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini shahidi hasajiliwi kwa mtandao. Shahidi anapanda gari, analala, anakula.

Sharti la tatu ni pesa, na hapa mkoa wetu wa Kagera una historia yake ambayo nashangaa hatuifundishi watoto.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, sheria ilikuwa imebadilishwa ili Msajili asipange tarehe ya kusikiliza kesi ya uchaguzi mpaka mlalamikaji alipe mahakamani shilingi milioni tano kama dhamana ya gharama. Milioni tano za wakati ule, wandugu! Julius Ishengoma Francis Ndyanabo, aliyegombea jimbo la Nkenge na kushindwa, alifungua shauri kupinga matokeo, na sharti hilo likamsimamia mlangoni. Badala ya kurudi nyumbani akalalamikia sharti lenyewe, kwamba linakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama Kuu ikamkatalia. Akakata rufaa. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikasema sharti hilo ni batili kwa sababu linamzuia mtu kuifikia mahakama, na kuifikia mahakama ni haki ya kikatiba. Kesi hiyo inatajwa mpaka leo na mawakili nchi nzima, hata kwenye mambo yasiyohusu uchaguzi. Ilianzia Nkenge, hapa hapa Kagera. Sasa hivi Nkenge iko wilaya ya Missenyi, unaipita ukienda Bukoba kwa njia ya Kyaka.

Je, mambo yakaisha hapo? Hapana. Bunge likarudi na kifungu kipya: dhamana isiyozidi shilingi milioni tano kwa kila mlalamikiwa. Mlalamikaji anatakiwa ndani ya siku kumi na nne tangu afungue shauri aiombe mahakama ipange kiasi, na asiye na uwezo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe. Kwa haki lazima niseme kwamba hii ni bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa jaji anaweza kuutazama mfuko wa mtu. Lakini angalia neno "kila". Katika kesi ya ubunge, kwa kawaida wanaolalamikiwa ni watatu: mbunge aliyetangazwa, msimamizi wa uchaguzi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tano mara tatu ni kumi na tano. Kumbe sheria iliyoangushwa kwa sababu ya milioni tano ilizaa sheria inayoweza kufika milioni kumi na tano!

Naelewa kwa nini dhamana ipo. Bila dhamana kila aliyeshindwa, hata kwa kura elfu ishirini, angefungua kesi ili kumsumbua mwenzake, na mbunge angekaa kizimbani badala ya bungeni. Aliyeshinda kihalali naye ana haki ya kulipwa gharama zake akisumbuliwa bure. Hoja hiyo ina uzito. Ila kipimo chake ndicho kibovu. Pesa haitenganishi kesi ya kweli na kesi ya uongo. Inatenganisha mwenye nacho na asiye nacho, basi. Tajiri mwenye kesi ya uongo atalipa asubuhi. Mama muuza ndizi aliyeona sanduku likiingizwa kura za ziada atauza shamba, au atanyamaza.

Sharti la nne ni sababu. Huwezi kwenda mahakamani kusema "niliibiwa" ukakaa. Kifungu cha 108 cha ile sheria ya 1985 kilikuwa na sababu zake za kutengua uchaguzi. Moja, kwamba kwenye kampeni yalitolewa maneno ya kuchochea tofauti za kabila, rangi, dini au jinsia. Mbili, kwamba taratibu za uchaguzi zilivunjwa NA uvunjaji huo ukaathiri matokeo. Tatu, kwamba aliyetangazwa hakuwa na sifa za kuchaguliwa.

Hilo neno "na" nimeliandika kwa herufi kubwa makusudi. Kesi nyingi zimezikwa pale. Unaweza kuthibitisha kwamba kituo kilichelewa kufunguliwa, kwamba wakala wako alitolewa nje, kwamba sanduku lilisafirishwa bila ulinzi, halafu mahakama ikakuuliza: je, bila hayo yote matokeo yangekuwa tofauti? Ukishindwa kujibu kwa hesabu, umeshindwa kesi.

Na sharti la tano, uzito wa ushahidi. Kwenye kesi ya kawaida ya madai, ya shamba au deni, anayeshinda ni yule ambaye maelezo yake yanaelekea kuwa kweli zaidi. Kesi ya uchaguzi si hivyo. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika kesi ya Lutter Symphorian Nelson iliyotokana na uchaguzi wa 1995, kwamba madai ya uchaguzi yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Ni kipimo kilekile anachopimwa nacho mtu aliyeshtakiwa kwa kuua. Mwaka 2016 tuliona David Kafulila akipinga matokeo ya Kigoma Kusini, akisema fomu za vituo zikijumlishwa upya yeye ndiye mshindi. Mei mwaka huo Mahakama Kuu Tabora ikalitupa shauri lake. Huyo alikuwa mbunge aliyemaliza muda wake, mwenye jina, mwenye mawakala na mwenye mawakili. Wewe na mimi tungefika wapi?

Nisije nikaonekana nasema hakuna anayeshinda. Wapo. Baada ya uchaguzi wa 1995, Jaji Joseph Warioba, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, alikwenda mahakamani kupinga ushindi wa Stephen Wassira jimbo la Bunda, na ushindi huo ukatenguliwa. Lakini tazameni aliyekwenda. Waziri Mkuu mstaafu na mwanasheria.

Sasa nirudi kwenye ule mkia wa sharti la kwanza.

Mwaka 2010 Godbless Lema wa CHADEMA alishinda ubunge wa Arusha Mjini. Wapiga kura watatu wakafungua shauri wakidai kwamba kwenye kampeni alitoa maneno ya kumdhalilisha mgombea wa CCM, Dk. Batilda Burian. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ikamvua ubunge. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Mitaani wengi walishangilia au kununa kwa sababu ya chama, wakaishia hapo. Sababu yenyewe ilipita kimya. Mahakama ilisema wale wapiga kura hawakuwa na haki ya kufungua kesi ile, kwa kuwa hawakuonyesha kwamba haki zao WENYEWE ziliguswa. Kama maneno yalitolewa, yalimgusa mgombea, na mgombea hakuwa yeye aliyelalamika.

Nimeifikiria hukumu hii mara nyingi, na kusema kweli naona pande zake zote mbili. Upande mmoja, sote tunajua mchezo unavyochezwa. Mgombea aliyeshindwa anaona aibu au anaogopa gharama, basi anatafutwa mpiga kura wa kumsimamia mbele. Mahakama ikiliruhusu hilo, kila kesi itakuwa na mwenye kesi anayeonekana na mwenye kesi aliyejificha. Kulizuia hilo kuna mantiki.

Lakini upande wa pili ndio unaonisumbua. Kura ni ya nani? Kwangu mimi kura ni ya aliyeipiga. Mgombea ameikopa tu kwa miaka mitano. Aliyekwenda foleni saa kumi na moja alfajiri ni mpiga kura. Ukishamwambia kwamba uharibifu wa uchaguzi haumgusi mpaka aonyeshe alivyoumia yeye binafsi, umemwambia uchaguzi ni ugomvi wa wagombea wawili na yeye ni mtazamaji. Ni kama ng'ombe wa kijiji aibwe halafu mahakama iwaambie wanakijiji watafute nani hasa maziwa yake yamepungua.

Majirani zetu wamelitatuaje? Hapo ng'ambo ya mto Kagera, Uganda, sheria yao ya uchaguzi wa wabunge ya mwaka 2005 inamruhusu mpiga kura aliyeandikishwa jimboni kufungua shauri, ila awe na saini za wapiga kura wasiopungua mia tano wa jimbo hilo. Mimi naliona hili kuwa chujio la akili zaidi kuliko pesa. Mtu mwenye uongo wake hawezi kuwashawishi majirani mia tano waweke majina yao hadharani. Lakini mwenye kilio cha kweli, hata akiwa hana senti, Ndama na vijiji vya jirani atazipata saini hizo ndani ya wiki mbili. Saini haina tajiri na maskini.

Kenya nao wana dhamana, tena imeandikwa wazi: shilingi zao laki tano kwa kesi ya ubunge au ugavana, laki moja kwa mwakilishi wa wadi. Si ndogo hata kidogo. Lakini Katiba yao ya 2010 inasema kesi ifunguliwe ndani ya siku ishirini na nane na iamuliwe ndani ya miezi sita. Ndani ya miezi sita mwananchi anajua mbunge wake ni nani. Lema wetu alikaa kati ya kuvuliwa na kurudishiwa miezi minane, na Arusha Mjini haikuwa na mtu bungeni muda huo wote, tena zaidi ya miaka miwili baada ya kura kupigwa.

Mpaka hapa nimezungumzia ubunge. Sasa urais, na hapa sitapindisha maneno.

Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hakuna siku thelathini wala milioni kumi na tano, kwa sababu hakuna mlango wenyewe. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa aliyakataa matokeo. Mwaka 2015 Edward Lowassa naye akayakataa. Wakweli au waongo, hatutajua kamwe, maana hakuna jaji aliyepewa nafasi ya kuzifungua hizo fomu na kutuambia. Na hili linamuumiza hata mshindi! Rais aliyeshinda kwa haki anaondoka na minong'ono miaka mitano, wakati mahakama ingeweza kumsafisha kwa hukumu moja.

Wapo watakaosema tunalinda amani, kwamba kesi ya urais italeta fujo. Naomba watazame pembeni. Kenya kesi ya urais inafunguliwa ndani ya siku saba na Mahakama ya Juu inaamua ndani ya siku kumi na nne. Mwaka 2013 walioshindwa walikwenda, wakashindwa tena, wakarudi nyumbani. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Mwaka 2022 ikayakataa malalamiko kwa kauli moja. Malawi nao mahakama ilifuta uchaguzi wa Rais Februari 2020, wakarudia Juni. Uganda Kizza Besigye alikwenda mahakamani mwaka 2001 na 2006, akashindwa mara zote mbili, lakini alisikilizwa na majaji wakaandika waliyoyaona. Sisemi kwamba huko kila kitu ni shwari. Kenya 2017 watu walikufa. Ninachosema ni kwamba vifo havikuletwa na mlango wa mahakama kuwa wazi.

Na sisi tuliofunga mlango, tumepata amani? Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifuatiwa na maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam na intaneti kuzimwa. Siwezi kusema kifungu kimoja cha Katiba ndicho kilichosababisha yote hayo. Yalikuwepo mengi: wagombea walioenguliwa, viongozi waliowekwa ndani, hasira za miaka. Lakini mtu asiyekuwa na mahali pa kupeleka lalamiko lake atalipeleka popote. Wahenga walisema asiyesikilizwa barazani hupiga kelele njiani, au kama hawakusema, basi wangepaswa kusema.

Wala msidhani hili ni wazo la kijana mmoja wa Karagwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha kwetu, katika shauri la Wakili Jebra Kambole, ilitoa hukumu tarehe 15 Julai 2020 ikisema ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza Tanzania irekebishe. Tulifanya nini? Novemba 2019, hata kabla ya hukumu, serikali ilishatoa taarifa ya kuondoa ile ridhaa inayowaruhusu watu binafsi na mashirika kuipeleka moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka 2024 tukatunga sheria mpya za uchaguzi, Tume ikapewa jina jipya la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na 41(7) ikabaki palepale.

Linganisheni na jambo moja. Tarehe 28 Oktoba 2015, Zanzibar, mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima kwa kusoma tangazo. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016. Tangazo moja la mtu mmoja. Hakuweka dhamana, hakuleta mashahidi, hakuthibitisha mbele ya jaji bila kuacha shaka. Mpiga kura wa Ndama akitaka kufuta matokeo ya jimbo moja tu lazima avuke mito mitano niliyoitaja. Huo ndio mizani wetu.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo manne, mniongezee.

La kwanza, ibara ya 41(7) ifutwe, na kesi ya urais iwekewe muda mfupi na mkali ili nchi isikae bila uhakika. Rais asiapishwe mpaka kesi iishe.

La pili, dhamana ya pesa kwa mpiga kura wa kawaida iondolewe, na badala yake ziwekwe saini za wapiga kura wa jimbo. Mgombea na chama chake waendelee kuweka dhamana, wao wana mifuko.

La tatu, sheria iseme kwa maneno ambayo jaji hawezi kuyakwepa kwamba mpiga kura aliyeandikishwa jimboni ana haki ya kulalamikia uchaguzi wa jimbo lake, bila kutakiwa kuonyesha jeraha lake binafsi.

La nne, Mahakama Kuu isikilize mashahidi wilayani. Jaji mmoja na makarani wake kuja Kayanga ni rahisi kuliko mashahidi arobaini wa Karagwe kwenda kulala Bukoba.

Hayo ni ya wakubwa. Ya kwetu sisi wananchi ni madogo na tunaweza kuyaanza bila kumngoja mtu. Kesi ya uchaguzi haianzii mahakamani, inaanzia kituoni. Fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo, ile iliyozoeleka kama 21B, ndiyo mama wa ushahidi wote. Vyama viache kuweka wakala kwa sababu ni shemeji wa katibu kata. Wekeni mtu anayejua kusoma hesabu, asiyeuza fomu yake kwa sahani ya wali na chupa ya soda, na anayejua kwamba akisaini fomu bila kuandika malalamiko yake siku hiyohiyo, jaji atamuuliza mwaka kesho kwa nini alinyamaza. Aliyeona jambo aandike jina la kituo, saa, na nani mwingine aliona. Hata kwenye daftari la mtoto. Siku thelathini zikianza kukimbia, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko hotuba kumi za jukwaani.

Na yule mzee aliyeniuliza kama anaweza kumpinga mahakamani aliyetangazwa? Jibu langu kwake ni hili: kwa diwani na mbunge, mzee, sheria imekuachia upenyo, na waliotangulia kama Ndyanabo wa Nkenge walipigana ili upenyo huo usizibwe. Kwa Rais, bado hujaruhusiwa hata kubisha hodi.

Haya ni maoni yangu mwenyewe, si ya gazeti ninaloandikia. Wanasheria mliomo humu, kama kuna mahali mnaona tofauti njooni na vifungu, msije na kadi za vyama.

Naomba kuwasilisha.